Namna Yaya Alifika ku Kisiwa Bila Kutoka Butembo

Maneno yaliyokuwa nyuma ya foto ya yaya, dada yangu mukubwa, niliyaandika mimi. Sikutumwa na mutu, sikuwa na malaria, sikuwa nimekunywa kitu. Niliyaandika kwa biki yangu ya masomo, na maandishi mazuri yale ninayowekea siku ya mutihani, halafu nikafunga bahasha kwa mate yangu mwenyewe. Maneno ni haya: "Tuko ku kisiwa. Jua iko mingi, chakula iko mingi. Hatutarudi karibuni."

Nayasema mapema juu pale kwetu balikwisha kushitaki kila mutu: oncle, mwenye baiskeli, hata shetani. Shetani hakuwa na kosa. Siku ile alikuwa na kazi nyingine mu Kivu.

Oncle ni ndugu mudogo wa mama. Alikuwa na studio ya foto karibu na soko ya Butembo, chumba kimoja chenye mulango wa mabao unaofunguka ku barabara. Vita, ambayo iliharibu kazi ya kila mutu, kwake ilileta kazi. Kila mara wakubwa walipobadilika, bale bapya balisema karata za kitambulisho za bale ba zamani hazina maana tena, kila mutu atafute karata mpya, na karata inataka foto. Donc muji wote unapanga mustari kwa oncle, kila mutu na sura ya mutu aliyekamatwa na kuku ya jirani. Oncle anapiga, klak, wengine. Tulikuwa na karata nyingi kuliko mashati.

Kisiwa kililetwa na mufanyabiashara wa kwetu, mumoja wa bale banaokwenda mpaka Dubai hata kama kutoka Butembo kwenda Beni kunashindikana. Alileta marobota ya mapazia, na ndani akakuta pazia moja kubwa kama ukuta, imechapwa mahali pa vakansi, pale bazungu banaenda kupumzika. Bibi yake alikataa kuitundika mu salon. Alisema ngamia inaangalia bageni wakati banakula. Ndipo oncle akaichukua, akaipigilia misumari ku ukuta wa studio, pembeni ya lile pazia lake la maua ambalo batu bote ba Butembo bamekwisha kuolewa mbele yake.

Nieleze kisiwa chenyewe. Muchanga mweupe wa kuumiza macho. Mulima mukavu, mwekundu, kama chungu kilichosahauliwa ku moto. Miti miwili yenye majani juu tu, mwavuli mumoja, bahari, jua, na ile ngamia yenye kiti ku mugongo. Kwetu Bakatolika ngamia tuliijua ku pango la Noeli. Baprotestanti, ambao hawaweki pango, balikuwa banaisoma tu mu Biblia, na wengi balishangaa: balidhani ni kanyama kadogo.

Mais kitu kilichosumbua batu haikuwa ngamia, ilikuwa udongo. Mutu wa kwetu akiona mahali anaangalia kwanza nini inaota. Mama mumoja, mulimaji wa vitunguu, alisimama mbele ya lile pazia muda murefu, mikono mu kiuno, halafu akauliza oncle kwa huruma ya kweli: "Muzungu anatoka kwao, anapanda ndege, anaenda kuketi fasi haiote ata kitunguu? Balimufukuza?"

Oncle alimujibu kwamba ni vakansi. Mama akasema basi Mungu amusaidie.

Hata hivyo balikuja. Butembo ni baridi, batu banatembea na makoti na kofia za sufu, mais ku kisiwa hakuna koti. Donc mutu anavua, anabaki na shati, meno yanagongana, na oncle nyuma ya mashine anasema, "Cheka, uko ku jua." Mimi, ambaye hakuna mutu aliyeniita, nilikuwa nafika kila siku baada ya masomo, na siku balimu bamegoma nafika asubuhi. Nilijipa cheo. Nilisimama ku mulango nikauliza kila mutu ana mizigo ngapi, anasafiri na nani, na kama amelipa basoda, bale ba bunduki banaofunga barabara, ku barrière ya bahari. Batu balicheka sana, juu barabara ya Beni ilikuwa inafungwa na kufunguliwa kama mulango wa choo, na hapa balikuwa banavuka bahari kwa hatua tatu. Mama mumoja muuzaji wa makayabo alikataa kupigwa foto bila beseni lake. Alisema ile samaki ya chumvi haijaona kwao tangu izaliwe, acha iangalie bahari mara moja.

Na nyuma ya foto zao nilikuwa naandika salamu za vakansi. Balipenda. Mukatekista muzee, aliyepigwa foto na tai ku shingo na mwavuli wake mweusi wa mvua kando ya mwavuli wa kisiwa, aliniomba niandike, "Naogelea kila siku." Ndiyo ilikuwa desturi ya studio. Nawaambia ili mujue kwamba siku ya yaya sikubuni kitu kipya. Nilifanya tu kazi yangu ya kila siku mahali pasipotakiwa.

Yaya alikuwa ameposwa na mwalimu kijana wa Bungulu, kule Beni. Shemeki huyu nilimupenda juu alikuwa anacheka michezo yangu hata ile mibaya. Familia mbili zilikwisha kupatana, mais kwao neno la mwisho lilikuwa la mukaka, ndiyo kusema nyanya yao, muzee aliyelea ile familia yote. Mukaka alikuwa hajamuona yaya hata siku moja. Muguu wake ulikuwa mubaya, barabara ilikuwa mubaya zaidi. Akasema: bamuletee foto. Akiona sura ya mutoto, atasema ndiyo ao hapana, na siku ya ndoa itapangwa. Bila neno lake, hakuna ndoa. Tena bao ni Baprotestanti, sisi Bakatolika, na mukaka tayari alikuwa anauliza kama sisi tunakunywa mupaka asubuhi.

Yaya alitaka ile ndoa kama mutu anavyotaka kupumua. Alikuwa amekwisha kushona mashuka, ameyakunja, ameyakunjua, ameyakunja tena. Aliagiza oncle: pazia la maua, blauzi nyeupe, mukono juu ya kiti, hapana kucheka.

Asubuhi ile pazia la maua lilikuwa limefuliwa. Mutoto wa kliya, muteja mumoja wa oncle, alikuwa amelikojolea. Lilikuwa ku kamba, linadondoka maji. Na mwenye baiskeli aliyepaswa kubeba barua alikuwa anarudi Beni kesho yake alfajiri. Ni mumoja wa bale banaosukuma mafuta ya mawese mpaka kwetu, anarudi na vitunguu. Baada yake hakuna aliyejua barabara itafunguka lini tena.

Yaya akaangalia kisiwa, akaangalia oncle. Oncle akamuambia kwamba foto haitakuwa ya rangi. Foto za rangi zilikuwa zinavuka mupaka wa Kasindi kwenda kufuliwa, ndiyo kusema kusafishwa, Uganda, hakukuwa na muda. Ataipiga nyeusi na nyeupe na kuifua mwenyewe ku nyumba, na mu nyeusi na nyeupe, kisiwa kitakuwa tu ukuta muchafu. Ngamia ataiacha inje ya foto. Yaya akakubali, akasimama, akaweka mukono juu ya kiti.

Mimi nilikuwa ku mulango, nimevaa ile kofia kubwa ya oncle ya kukopesha bakliya, nafukuza batoto banaochungulia. Ndipo jua la Butembo, ambalo linatokea kama soda akilipa deni, likatoka nyuma yangu. Oncle akasema, "Usiguse kitu, mwangaza ni huo." Klak.

Usiku ule alipoifua, oncle alikuwa na macho mekundu ya dawa na hakuangalia sana. Mimi niliangalia. Oncle alikuwa amekosea kabisa. Rangi ndiyo ilikuwa inaonyesha kwamba kisiwa ni pazia. Rangi ilipotoka, kila kitu kilikuwa kweli. Muchanga ulikuwa muchanga, bahari ilikuwa bahari. Yaya alisimama pale katikati, musafi, muzuri, kama mutu aliyeshuka ku mashua dakika tano zilizopita. Na pembeni yake, ku muchanga, kulilala kivuli kirefu cha mwanaume mwenye kofia.

Nikacheka peke yangu mpaka nikashika tumbo. Nikawaza shemeki akifungua bahasha, naye atacheka mpaka ashike tumbo. Nikachukua biki.

Shemeki hakuifungua. Siku ile alikuwa ku masomo yake kule Kalunguta, anafundisha batoto kugawanya. Tulijua mambo yote baadaye kwa mwenye baiskeli. Kwanza barua ilifunguliwa ku barrière na soda mumoja, aliyeangalia foto muda murefu, akauliza ile fasi iko wapi na kama kule banalipa basoda kila mwezi. Halafu ikafika Bungulu, familia yote ikaketi, na baba mudogo wa shemeki, shemasi wa kanisa, akasimama kusoma mbele ya batu bote. Ni mutu anayesoma kila kitu kama anatangaza wimbo. Akageuza foto, akakohoa, akatangaza: "Tuko ku kisiwa." Mwenye baiskeli alisema pale pale mukaka aliinua mukono.

"Tuko," mukaka alisema. "Hakuandika niko."

Akaomba foto. Hajui kusoma, mais macho yake ni mazima kuliko ya mwewe. Akaweka kidole ku kivuli. Akaomba bamusindikize ku foni.

Foni ilikuwa radio ya kusema mbali, na nyumba yake kwetu ilikuwa ya mabao, waya wake ukipanda juu ya mulingoti wa mukalitusi. Unaitwa siku moja kabla, unaketi ku benchi na batu wengine kumi, na habari ya kila mutu inasikiwa na bote, juu ile mashine inapiga kelele kama inauza nyama. Ukimaliza kusema, unasema "à vous", unaachilia kifungo, mwenzako anajibu. Hakuna siri mu foni. Batu wengine balikuwa banakuja kuketi pale bila kuitwa, kama vile mimi ku studio.

Tulikwenda mama, yaya na mimi. Baba alikuwa amefungiwa barabara kule Kayna na maharagi yake ya biashara, donc neno la familia lilikuwa la mama. Yaya hakujua kwa nini tumeitwa. Alikuwa amevaa ile blauzi nyeupe, alidhani banampangia siku ya ndoa. Mimi nilijua, mais nilikuwa bado naona ni mucheko mukubwa tu ambao umechelewa kidogo.

Mvua ilikuwa inapiga ku mabati. Mwenye mashine akageuza vifungo, ikapiga kelele, ikakohoa, halafu sauti ya mukaka ikatoka, nyembamba na wazi.

"Mama ya mutoto. Mutoto yenu iko ku kisiwa na nani? À vous."

Mutu aliyekuwa anakula karanga aliacha mukono mu kinywa.

Mama akamuangalia yaya, akaangalia mashine. Akajibu kwa heshima kwamba mutoto yuko hapa, pembeni yake, Butembo, hajaenda fasi yoyote. Mukaka akasema iko na foto mu mukono, anaona muchanga, anaona maji, anaona mwanaume wa kofia. Akasema yeye anajua kisiwa kimoja tu mu dunia, ni Idjwi, na Idjwi iko upande wa ile rebelyo ingine, bale banaopigana na ba kwetu. Mutoto alipita wapi?

Benchi ikaanza kunong'ona. Muzee mumoja akasema Idjwi kweli iko na muchanga. Mwingine akasema haina ngamia. Mwingine akauliza ngamia imetoka wapi tena, nani ametaja ngamia.

Yaya akapewa kipaza sauti. Akasalimia vizuri, kwa Kinande, kama alivyofundishwa, akasema ni yeye, yuko hapa na mama, anaheshimu mukaka sana. À vous.

Mashine ikapiga kelele. Halafu mukaka:

"Hii sauti iko mbali sana. Tena nasikia maji."

"Ni mvua, mukaka. Ni mvua ku mabati."

"Nasikia maji," mukaka akasema, na mara hii hakusema à vous, juu alikuwa amemaliza.

Yaya akageuka akaniangalia. Si mama, si batu ba benchi. Mimi. Hakuwa na hasira bado. Alikuwa na macho ya mutu ambaye nyumba yake inaungua na anatafuta nani ana maji. Hapo ndipo mucheko uliniisha, wote, kama bidon lililotobolewa chini. Miezi yote ile ya kushona, na mimi nilikuwa nimeikata kwa neno moja lenye herufi nne.

Nikashika kipaza sauti. Mwenye mashine akanionyesha kifungo, nikafinya.

"Mukaka, ile kivuli ni ya mimi. Niko ndugu yake mudogo. Nilivaa kofia ya oncle. Hakuna kisiwa, ni pazia. Iko na misumari. Maneno ni mimi njo niliandika, yaya hakuyaona. Nilitaka shemeki acheke. À vous."

Kule Beni tulisikia batu bakibishana mbali na mashine, shemasi akisema jambo kwa sauti ya wimbo. Halafu mukaka akarudi.

"Ile maji ni pazia?"

"Ndiyo, mukaka."

"Na mulima?"

"Pazia."

"Una myaka ngapi?"

Nikamuambia kumi na sita. Mukaka akasema, polepole, kama mutu anayepima unga, kwamba mutoto wa kumi na sita anayeweza kudanganya na misumari anaweza kudanganya na foni pia. Kama ni pazia, basi bamutumie foto ingine. Yaya asimame, na pazia ligeuzwe, aone mugongo wake, na mimi niwe ndani, bila kofia. Akiona mugongo wa bahari ndipo ataamini. À vous.

Benchi ilisema mukaka ni jaji. Wengine balipiga makofi. Mama aliomba samahani kwa familia yote ya Bungulu, akashukuru, akarudisha kipaza sauti, akatoka mu mvua bila kufungua mwavuli.

Foto ya pili ndiyo iko ku salon kwetu mupaka leo, juu oncle alipiga mbili. Yaya amesimama na koti, mukono juu ya kiti, hajacheka. Macho yamevimba kidogo. Nyuma yake kuna kitambaa cheupe kisicho na kitu, chenye alama ya kiwanda, kimejaa matundu ya misumari. Mimi nimechuchumaa chini, nimekamata pembe ya pazia na mikono miwili, kichwa wazi, uso wa mutu anayengoja karata yake. Mugongo wa bahari, ukitaka kujua, uko kama mugongo wa gunia.

Nyuma ya foto yaya aliandika mwenyewe. Sikuruhusiwa kukaribia biki.

Siku zile za kungoja, yaya hakusema na mimi. Angenipiga ningefurahi. Alikuwa ananipa chakula, anaweka sahani mbele yangu polepole, anageuka. Mashuka yalikuwa ku sanduku, hakuyakunjua tena. Oncle naye hakuniingiza ku studio. Alinifungia mulango wa mabao ku pua na kuniambia safari zimefungwa. Mama alikuwa anakwenda ku shamba, anarudi, anapika, ananipita kama mutu anapita kiti. Mimi, ambaye sijawahi kukosa neno, nilizunguka nyumba nikitafuta hata moja, sikuliona.

Barabara ikafungwa siku tano, ikafunguka. Mwenye baiskeli akafika na mafuta yake, matope mupaka ku magoti. Hakukuwa na barua. Mukaka hajui kuandika na hakutaka shemasi amuandikie. Alimupa mwenye baiskeli neno la mudomo, akalirudia kwake mara tatu mupaka alishike vizuri, na mwenye baiskeli akalisema ku mulango wetu akisimama wima, kama mutoto anayesema sala:

"Mukaka anasema: mutoto ni muzuri. Tena anajua kulia bila kupiga kelele, hiyo ni mutu wa nyumba. Mupange siku. Mais ule wa kuchuchumaa, siku ya ndoa aketi pembeni yangu, nimuone vizuri."

Yaya akaingia mu chumba. Tulisikia sanduku likifunguka. Halafu akatoka, akapita karibu na mimi, akanipiga kofi moja ku kichwa, si kali, ile ya zamani, na nikajua kwamba nimerudi mu familia.

Basi ulimi wangu nao ukarudi. Nikamuambia mama kwamba tuangalie mambo vizuri: bila mimi, mukaka angeona foto ya maua kama zote, asingemusikia yaya ku foni, asingejua namna analia. Donc, kwa kweli, ile ndoa ni mimi niliyeifunga.

Mama alikuwa anapepeta maharagi. Hakuacha, hakuinua kichwa. Akasema:

"Sasa yaya yako anaenda kweli. Kamata bidon, tangu leo ni wewe njo unachota maji."